Leseni Ipo, Daktari Hayupo

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayosimamia udaktari wa mifugo inaeleza wazi nani anaruhusiwa kumtibu mnyama wa mtu mwingine kwa malipo. Daktari mwenye shahada husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo na kupewa leseni. Chini yake wanatambuliwa wasaidizi waliosomea afya ya mifugo vyuoni na kupata vyeti au stashahada. Mfugaji aliyefundishwa majuma mawili au matatu ili atibu mifugo ya majirani zake hayumo. Akimdunga sindano mbuzi wa jirani akalipwa, amevunja sheria. Lakini katika sehemu kubwa za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, huyo ndiye anayeweza kufikiwa kwa miguu kabla mnyama hajafa.

Ubishi juu ya mtu huyu ulianza katikati ya miaka ya 1980, mashirika ya maendeleo yalipoanza kuwafundisha wafugaji waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe. Huku waliitwa wasaidizi, ingawa si wale wenye vyeti, kule Wajir wakaitwa daryelle. Madaktari wengi waliwapinga tangu mwanzo. Walisema dawa si maji ya kunywa, kwamba ugonjwa hautambuliwi kwa kutazama kinyesi na manyoya tu, na kwamba nchi inayotaka kuuza nyama nje haiwezi kuwakabidhi afya ya mifugo watu ambao hawakukaa darasani. Waliowatetea walijibu kwa swali moja: kama si hawa, ni nani? Kila upande umekuwa ukirudia hoja yake kwa miaka karibu 40, na kila upande una kweli yake. Kinachonisikitisha ni kwamba wote wanabishana juu ya mlango wa nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulianguka zamani.

Huduma ambayo leseni hizi zinadai kuilinda ilikuwapo kweli. Baada ya uhuru, serikali ya Kenya iliajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu, pamoja na vijana waliotoka katika vyuo vya afya ya mifugo kama kile cha Kabete, ambao walipelekwa hadi tarafani. Mwaka 1966 ilianzishwa huduma ya taifa ya kupandikiza ng'ombe kwa mbegu za madume bora. Majosho yalijengwa, na siku ya kuogesha ng'ombe ilijulikana na kila mtoto mchungaji. Tanzania nako kulikuwa na bwana mifugo, mtu wa serikali aliyekaa kijijini, aliyejua josho lina dawa kiasi gani na boma gani limeanza kupoteza ndama. Ng'ombe wakianza kufa kwa namna asiyoielewa, alichukua damu kwenye kioo, akaipeleka wilayani, ikafika maabara, na jibu likarudi kwa njia ileile. Lilichelewa, mara nyingine lilipotea, lakini njia ilikuwapo.

Njia hiyo ilikatwa na bajeti. Katika miaka ya 1980 serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zimelemewa na madeni, na masharti ya kurekebisha uchumi yalizitaka zipunguze watumishi na kuacha kazi ambazo sekta binafsi ingeweza kuzifanya. Mwaka 1988 Kenya iliacha kumhakikishia ajira kila daktari wa mifugo aliyehitimu. Majosho yakakabidhiwa kamati za wananchi, ambazo hazikuwa na fedha za kununua dawa ya kupe kwa mfululizo, na josho lisilo na dawa ya kutosha ni hatari kuliko kukosa josho kabisa, kwa maana kupe huzoea sumu hafifu na ng'ombe hukutana kwenye foleni wakaambukizana. Upandikizaji nao ukaachiwa watu binafsi. Tanzania ilipita njia hiyohiyo katika miaka ya 1990, ajira zikasimama, na bwana mifugo aliyestaafu akaacha kiti kitupu.

Matumaini ya waliopanga mageuzi hayo yalikuwa kwamba daktari binafsi angekuja kukaa pale serikali ilipoondoka. Alikuja, lakini hakuja kila mahali. Alikwenda Kiambu, Nyeri, Meru, Uasin Gishu, Arumeru, Moshi. Alikwenda kwenye ng'ombe wa maziwa. Sababu yake haina siri. Mwenye ng'ombe wa maziwa anapata fedha kila mwezi kutoka chama cha ushirika au kwa mchuuzi, ana simu, yuko kando ya barabara, na ng'ombe mmoja akifa amepoteza mali ya kumkosesha usingizi mwaka mzima. Daktari anaweza kuwatembelea wateja sita kabla ya saa saba mchana kwa pikipiki.

Marsabit ina eneo la kilometa za mraba karibu 70,000, zaidi ya Rwanda mara mbili. Daktari anayetoka Marsabit mjini kwenda North Horr, kupitia ukingo wa jangwa la Chalbi, hutumia mafuta yenye thamani ya mbuzi kadhaa kabla hajafungua sanduku lake. Akifika, boma alilokuwa akilifuata huenda limehama kufuata malisho. Mwenye mbuzi 80, wanne kati yao wagonjwa, hawezi kulipa gharama hiyo, na hapaswi kuilipa, kwa sababu thamani ya hao wanne haifiki hapo. Hesabu hii haibadilishwi na kifungu chochote cha sheria. Unaweza kuongeza adhabu kwa asiye na leseni hadi faini impite yeye na mifugo yake yote, na bado mwenye leseni hatahamia North Horr.

Pengo lile halikukaa wazi. Lilijazwa na duka. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mjadala wa leseni umekosea shabaha zaidi ya mahali pengine popote, na inafaa tukae kidogo.

Katika kila mnada wa mifugo kuanzia Isiolo hadi Longido kuna agroveti, na mbele ya agroveti kuna mtu ametandika turubai chini akapanga chupa. Kuna oksitetrasaiklini ya asilimia 10 na ya asilimia 20, kuna paketi za unga wa diminazini kwa ajili ya nagana, kuna ivermektini, kuna dawa za minyoo za kila rangi. Mfugaji hununua chupa, bomba na sindano mbili, akarudi bomani. Kipimo kwenye karatasi ya chupa kimeandikwa kwa uzito wa mnyama, na hana mizani. Anakadiria. Mara nyingi anakadiria chini, kwa sababu chupa ni moja na wagonjwa ni wengi. Anadunga leo, kesho mnyama akisimama, anaona amepona na haongezi sindano ya pili. Karatasi inasema maziwa ya mnyama aliyedungwa yasinywewe kwa siku kadhaa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na hata angeisoma, watoto wake wanaishi kwa maziwa hayo. Bomba lilelile linadunga kundi zima.

Matokeo yake yanajulikana kwa watafiti na kwa wafugaji pia. Vimelea vya nagana vimekuwa sugu kwa dawa katika sehemu nyingi za Afrika, na wazee wa kifugaji watakwambia kwamba unga uliokuwa ukimsimamisha ng'ombe kwa paketi moja sasa unahitaji mbili. Usugu wa bakteria dhidi ya dawa unamfuata binadamu mezani. Hofu ya madaktari juu ya dawa kutumiwa ovyo ni ya kweli kabisa, na anayeidharau hajaona wodi ambayo dawa zimeacha kufanya kazi.

Lakini tazama nani anazuiwa. Kijana aliyefundishwa kukadiria uzito wa ng'ombe kwa kupima kifua chake kwa kamba, aliyefundishwa kutofautisha ndigana kali na mkojo damu, aliyeambiwa asiguse mzoga unaotoka damu isiyoganda kwa sababu huenda ni kimeta, huyo ndiye mvunja sheria akimtibia jirani. Mwenye mifugo ambaye hakufundishwa chochote anawadunga wanyama wake mwenyewe kutwa nzima na hakuna anayemfuata. Muuza chupa anayeketi kwenye turubai hufukuzwa mara moja kwa mwaka, pengine wakati kiongozi anapotembelea mnada, kisha hurudi. Udhibiti umeelekezwa kwa yule mwenye maarifa nusu, ukawaacha wasio nayo kabisa. Ikiwa lengo ni kupunguza dawa inayotumika vibaya, huko ni kupunguza mkono ambao ungeweza kuelekezwa.

Historia ya sotoka inatupa kipimo cha haki zaidi. Ugonjwa huu uliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ukaleta njaa iliyowaua Wamaasai wengi na kuvunja jamii nzima. Chanjo madhubuti ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, lakini ilitaka ubaridi usiokatika kutoka kiwandani hadi kwenye shingo ya ng'ombe. Karibu na mwaka 1990 Jeffrey Mariner alipata njia ya kuikausha ili istahimili joto kwa majuma kadhaa bila jokofu. Kwa mara ya kwanza chanjo iliweza kubebwa begani, kwa punda au kwa miguu. Nani angeibeba? Katika nchi ya Afar huko Ethiopia, Karamoja, na kusini mwa Sudan penye vita, walioibeba walikuwa wafugaji waliofundishwa kwa muda mfupi. Walijua ng'ombe wako wapi mwezi huo, walijua njia salama, na wenye ng'ombe waliwaamini. Walifika kwenye mifugo ambayo magari ya serikali hayakuwahi kuifikia, na iliyokuwa miongoni mwa maficho ya mwisho ya virusi. Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001.

Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba dunia imeondokana na sotoka, ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia baada ya ndui. Mwaka huohuo Kenya ikapata sheria yake mpya, na ndani yake watu wa aina ile iliyomaliza sotoka hawakutajwa hata kwa daraja la chini kabisa. Sidhani kulikuwa na nia mbaya. Bunge lilikuwa limemezwa na mgogoro mwingine, baina ya madaktari na wasaidizi wenye vyeti na stashahada. Sheria ya wasaidizi ilikuwa imepitishwa mwaka 2010, na hii ya 2011 ikaifuta na kuwaweka wote chini ya bodi moja. Vita vya vyeo baina ya waliosoma viliacha nje wasiokuwa na mtu wa kuwasemea mezani.

Hata hivyo, wanaowatetea wahudumu wa vijijini huisimulia habari ya sotoka nusu. Wachanjaji wa Afar na Karamoja hawakufanya kazi peke yao. Nyuma yao kulikuwa na daktari aliyejua kila mmoja amepokea dozi ngapi, kulikuwa na alama iliyokatwa kwenye sikio la kila ng'ombe aliyechanjwa, na baadaye damu ilichukuliwa kupima kama kinga imeshika. Mchanjaji aliyeharibu chanjo alijulikana. Ulikuwa mnyororo mzima, na yeye alikuwa pingili moja tu.

Miradi mingi iliyofuata ilichukua pingili ikaacha mnyororo. Semina ya majuma mawili, fulana, sanduku la dawa lenye kufuli, picha ya pamoja, kisha mradi unafika mwisho. Dawa za sanduku zikiisha, mhudumu ama anaacha kazi ama anageuka mchuuzi wa chupa kama wale wa turubai. Ukame ukija, mashirika yaleyale hugawa dawa bure, na daktari kijana aliyethubutu kufungua duka Lodwar au Moyale anafunga, kwa sababu hakuna anayenunua kinachogawiwa bure ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo daktari anapoona mhudumu wa kijiji kama adui wa riziki yake, hajakosea kila mara. Ila sehemu fulani ya upinzani huo ni kulinda soko ambalo wenye kulilinda hawana mpango wa kulihudumia, na jambo hilo linapaswa kusemwa waziwazi kwenye mikutano ya taaluma.

Gharama ya mnyororo uliokatika ilionekana mwishoni mwa 2006. Mvua kubwa zilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya, mbu wakazagaa, mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa wafugaji wa Kisomali wa eneo hilo ulionyesha kwamba waliutambua ugonjwa na kuupa jina kabla serikali haijajua kuna jambo. Homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa Desemba, baada ya watu kuanza kufa, na hatua za kuzuia kusafirisha mifugo na kuichanja zikafuata nyuma. Zaidi ya watu 150 walikufa Kenya, na ugonjwa ukavuka hadi Tanzania. Wenye macho walikuwapo Garissa na Ijara. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, aliye na wajibu wa kusikia na uwezo wa kupeleka sampuli kesho yake. Mhudumu asiyetambuliwa na sheria hana motisha ya kuripoti chochote. Akipiga simu wilayani kusema ameona mimba zikitupwa katika maboma matano, anajishtaki kwamba alikuwa huko na bomba lake.

Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 hali haikunyooka. Katiba ya Kenya iliiachia serikali kuu sera ya mifugo na kuzipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa, hivyo mkurugenzi wa huduma za mifugo aliyeko Kabete anaweza kushauri lakini hawezi kumwamuru afisa wa kaunti. Virusi havijui mpaka wa kaunti.

Tanzania inafundisha jambo jingine. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka ngazi chini ya daktari, hadi wasaidizi wa wataalamu wasaidizi, na Baraza la Veterinari likapewa kazi ya kuwaandikisha. Kwenye karatasi ni sheria pana kuliko ya jirani. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ina Chuo Kikuu cha Sokoine, ina vyuo vya mifugo vya Tengeru, Mpwapwa, Buhuri na vingine vinavyotoa vijana kila mwaka. Lakini maafisa mifugo walipowekwa chini ya halmashauri katika mageuzi ya serikali za mitaa yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakawa watumishi wa mkurugenzi mtendaji, ambaye anaulizwa juu ya madarasa na zahanati kabla ya kuulizwa juu ya majosho. Vijana wenye stashahada wako mjini wakiuza vocha za simu huku kata za wafugaji zikiwa tupu. Sheria nzuri bila mshahara, pikipiki na mafuta imefika palepale ilipofika sheria kali.

Na bado kaskazini mwa Tanzania kuna ushahidi kwamba mfugaji hulipa anapopewa kitu kinachofaa. Chanjo ya ndigana kali si rahisi kuitumia: huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, ikishayeyushwa lazima iishe ndani ya saa chache, na kila ndama hudungwa pamoja nayo oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Kosa dogo linaweza kuua ndama. Hii ni kazi ya mtaalamu. Lakini mtaalamu hawezi kuyeyusha chanjo bila kuwa na uhakika kwamba ndama wa kutosha watakuwa bomani asubuhi hiyo, na uhakika huo huletwa na mtu wa kijijini anayepita boma kwa boma siku zilizotangulia. Wamaasai wa Ngorongoro, Longido na Simanjiro wamelipia chanjo hii kwa fedha zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Palipokuwa na mgawanyo wa kazi baina ya mwenye leseni na asiye nayo, hapakuwa na ugomvi wa nani ni daktari.

Mwaka 2024 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwongozo wa ujuzi na mafunzo kwa wahudumu wa afya ya mifugo wa jamii. Hoja kwamba viwango vya kimataifa vinawakataa haina tena pa kusimama. Dunia pia imejiwekea lengo la kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyo tofauti na ile ya ng'ombe, ifikapo 2030, na mbuzi wanaohitaji chanjo hiyo wako kulekule ambako daktari hayupo.

Naona kwamba kanuni za leseni zinapaswa kuandikwa upya kwa kuanzia mahali, kisha mtu. Mhudumu wa kijiji aandikishwe, apewe orodha fupi ya anachoruhusiwa kufanya na dawa anazoruhusiwa kubeba, na jina lake lifungwe kwenye jina la daktari mmoja anayewajibika kwa kazi yake na anayelipwa kwa kuwajibika huko. Daktari binafsi anayekubali kukaa Maralal au Loliondo apewe mkataba wa serikali wa kuchanja na kuripoti, kwa sababu kuzuia homa ya Bonde la Ufa ni kazi ya umma na haiwezi kutozwa mwenye mbuzi wanne wagonjwa. Duka la dawa lidaiwe daftari la mauzo kwa ukali uleule tunaowadai watu leseni. Mashirika yanayogawa dawa wakati wa ukame yazinunue kwa daktari wa hapohapo au yampe mfugaji vocha akanunue kwake. Haya yote yanahitaji fedha, na bila fedha afadhali tukiri kwamba tumeamua kuwaacha wafugaji kuliko kuendelea kuwashitaki wanaojaribu kuwasaidia.

Bodi ya Kenya na Baraza la Veterinari la Tanzania zina daftari la majina ya walioruhusiwa kufanya kazi. Nawaomba wenye mamlaka huko wachapishe pia, kila mwaka, orodha ya kata zote za wafugaji ambazo hazina hata jina moja katika daftari hilo. Na wabunge wanaotoka katika kata hizo waisome orodha hiyo bungeni, wamuulize waziri kila kata itapata nani, lini, na kwa fedha za fungu gani.